Kilo Nne za Bi Nakijwa

Begi la Bi Nakijwa lilizidi kilo nne, na ile ndege ndogo huja mara moja tu kwa wiki. Ndani kulikuwa na unga wa uji wa binti yake, aliyejifungua juzi. Basi akajibanza nyuma ya kibanda cha tiketi, akatoa vitenge vyote begini, akavivaa kimoja juu ya kingine, akarudi amefura kama gunia la pamba.

"Haya, begi limepungua," alisema, akitweta.

"Vizuri, mama," karani akajibu. "Sasa panda wewe kwenye mizani, na begi lako."

"Kwani na mimi ni mzigo?"

"Kwa ndege hii, hata rubani ni mzigo."

Zikazidi kilo nne zilezile. Bi Nakijwa akaukumbatia unga, akaketi palepale juu ya mizani.

Mwalimu Mbazi, abiria mwenzake, akavua viatu. "Mzazi hangoji uji wiki nzima. Toa uzito wa hivi kwanza," akamwambia karani.

Abiria wengine nao wakavua. Mwishowe rubani akainama, akafungua kamba za buti zake.

Ndege ilipopaa, Bi Nakijwa alichungulia dirishani. Viatu vilikuwa vimejipanga kandokando ya mizani, na karani, mguu mmoja umezama ndani ya buti la rubani, alikuwa akiwapungia mkono.