Mfuko wa Vumbi

Fundi saa mstaafu alikuwa sebuleni akibadilisha mabomba na brashi za mashine zake mbili kuukuu za kufyonza vumbi, apate kujua ipi inavuta zaidi. Akaileta na ya tatu, anayotumia mkewe chumbani. Ikagoma kuvuta.

Akaufungua mfuko wake wa vumbi. Zikamwagika nywele, mafungu kwa mafungu, nyeusi zenye mvi.

Mwezi mzima mkewe hakuvua kitambaa kichwani, hata kitandani, naye hakuuliza.

"Baba watoto, mbona kimya?" Mkewe alisimama mlangoni, macho kwenye mfuko.

"Unakwenda hospitali?"

"Nimeshakwenda mara nne. Nilikuaga naenda kwa dada. Kesho ni ya tano."

"Tunaondoka saa ngapi?"