Utando wa Kijani

Wanyama wa bonde moja walikunywa maji ya mto yaliyochujwa kwenye tangi la mchanga, na mlinzi wa tangi alikuwa Kobe, mpole kupita kiasi. Juu ya mchanga ulitanda utando wa kijani wenye utelezi, na maji yalishuka polepole.

Ikaamuliwa tangi liboreshwe, kazi akapewa Nyani, mpenda sifa.

"Mzee Kobe, huoni haya kutunywesha uchafu huu?"

"Mwanangu, utando huo ndio unaonasa maradhi. Usiuguse."

Wanyama wakaangua kicheko. Kobe akajiambia yeye si wa kubishana, akanyamaza. Nyani akaukwangua utando, akausugua mchanga hadi ukang'aa. Maji yakabubujika, maangavu kama kioo, na Nyani akapigiwa vigelegele.

Haikupita wiki, kuhara kukaingia kila nyumba. Nyani akaja akiyumba, amembeba mwanawe.

"Mzee, urudishe ule utando."

"Haurudishwi, huota wenyewe. Siku arobaini."

Nyani akamtazama mtoto, midomo imemkauka. "Huyu hana arobaini, Mzee."

Kobe alilijua hilo. Alijua pia kwamba siku ile alinyamaza kwa kuogopa tu kuchekwa tena.