Wali wa Bi Shuwea

Hakuna mtu katika mji ule aliyemshinda Bi Shuwea kwa kusoma watu. Mwenyewe alisema ukivuka tu mlango wa ofisi yake ya kutafutia watu kazi, kazi yako anaiona usoni. Kisha huongeza kuwa macho hayo hayo ndiyo yaliyomchagulia waume watatu, na wote aliwarudisha kwa mama zao.

Siku hiyo alikuwa na nafasi mbili: mlinzi wa ghala na mpishi wa shule ya bweni. Chande, mwanamume kipande cha mtu, miezi minne hana kazi, akaomba ulinzi.

"Na jikoni je?"

"Jikoni, Bi Mkubwa? Hata chai sijawahi kuchemsha. Wenzangu barazani wangenicheka mpaka nihame mji."

"Haya, ngoja nikuandikie barua ya ghalani."

Alipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Alimkuta uani, amechutama mbele ya wali wa mchana wa Bi Shuwea mwenyewe, uliokuwa jikoni umeanza kushika chini. Moto ameshaupunguza, na sasa anaupalia wali: anaokota makaa mekundu kwa vidole vitupu, moja moja, na kuyapanga juu ya kifuniko bila haraka, kama anayepanga kete za bao. Bi Shuwea alikuwa amekula wali miaka sitini, na mkono kama ule hajauona.

Akaikunja barua ya ulinzi aliyokuwa nayo mkononi, akaiweka kando.

"Umepika miaka mingapi, mwanangu?"

"Mimi? Sijapika hata siku moja," alisema Chande, kaa jekundu likiwa katikati ya vidole vyake, akilitafutia nafasi.