Kijiti cha Katikati

Siku ya kumwaga zege kwenye sakafu ya wodi ya wazazi, mhandisi Bahiya alipanda juu na kuomba nyundo. Michoro ilikuwa yake, lakini mjenzi alikuwa mdogo wake, Shaibu.

"Dada, gari la zege limeshafika," alisema Shaibu. "Unataka kupima nini tena?"

"Hivi." Alionyesha vijiti vya chuma vilivyochomelewa juu ya boriti ya chuma. Ndivyo vingeshikanisha chuma na zege, vibebe mzigo pamoja.

Shaibu alicheka upesi mno. "Basi piga hiki hapa."

Bahiya akapiga. Kijiti kilipinda, hakikukatika. Kilikuwa kimeshika barabara.

"Umeridhika?"

"Mbona umenichagulia?" Akaelekea katikati ya boriti. Alipiga kimoja tu, kikang'oka na kubingirika juu ya mabati yaliyotandikwa kupokea zege.

Hakugeuka mara moja. Aliogopa kuuona uso wa mdogo wake, mtoto aliyemlea mwenyewe. Alipogeuka, Shaibu alikuwa amesimama karibu naye, amenyoosha mkono.

"Nipe nyundo, dada, zege linasubiri," alisema taratibu.

Bahiya aliutazama ule mkono, akazidi kuushika mpini kwa nguvu.