Mjapani wa Don Eleuterio

Fyuu-fyii-fyuu. Mlio ulipenya hadi barabarani, na vicheko vikaufuata.

"Hii ni redio, au mmekanyaga vifaranga?" Don Eleuterio alifoka, mikono masikioni.

Mlio huo, uliobeba maandishi hewani, ulitoka kwenye kompyuta ya Yocasta, muuguzi wa zahanati, aliyeiunga kwa waya na redio ya masafa mafupi ya mzee huyo. Kamati ya vimbunga ilikuwa na jenereta moja tu, na ingekwenda kwa kijiji kitakachotuma ujumbe wa maandishi nje ya nchi na kujibiwa kabla ya saa kumi alasiri. Mwaka jana mto ulibeba daraja, kijiji chao, Loma Parda, kikakaa siku nne bila dawa. Siku zote nne Don aliita msaada redioni, asijibiwe. Hewa, alisema, ilikuwa chafu, haipitishi mawimbi.

"Saa ya kompyuta iwe sawa hadi sekunde," Yocasta alimwelekeza. "Watu hupokezana hapa: sekunde kumi na tano zako, kumi na tano za wenzako. Na punguza sauti. Ukipayuka, unaharibu."

"Nipunguze? Mimi? Miaka thelathini naongea na Mjapani wangu wa Osaka, hajalalamika hata siku moja!"

"Hilo nalikubali," alisema Chago kinyozi, aliyejazana dirishani na nusu ya mtaa. "Ila kadi zake ziko wapi, Don? Wenye redio si hutumiana kadi kuthibitisha wameongea?"

"Mleta barua mwizi!"

Mtaa ukaangua kicheko.

Wakatuma. Robo saa ikapita, kioo cha kompyuta kitupu. Zilibaki dakika kumi kufika saa kumi. Don akakunja mikono, akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

"Nilisema. Mchezo wa watoto."

Yocasta akapiga magoti chini ya meza, akaufuata waya wa redio. Haukupanda paani. Uliishia kwenye kopo la mafuta, lile linalounganishwa wakati wa kujaribu mtambo ili mawimbi yafie humo humo. Kopo lilikuwa limeota kutu, buibui wamelijengea. Kando yake ulining'inia waya wa antena ulioshuka kutoka paani, kichwa chake bado kimevaa karatasi ya dukani.

Akauchomoa waya wa redio, akauunga na ule wa antena.

Fyuu-fyii-fyuu. Haikupita dakika, kioo kikajaa: Brazili, Visiwa vya Kanari, na mtu wa Uruguay akiliita jina la kituo cha Don, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mjibu, Don! Tumepata jenereta! Mjibu!" dirisha zima lilipiga kelele.

Vidole vya mzee vilielea juu ya vitufe, havishuki. Akamvuta Yocasta kwa mkono wa shati, akamnong'oneza:

"Mwanangu, mtu akikujibu, huwa unamwambia nini?"

Yocasta akainuka, akafunga dirisha mbele ya pua ya Chago.

"Sitamwambia mtu, Don," alisema. "Naapa kwa Bikira Maria."