Nyuma ya Nani

"Kila mchezaji asimame nyuma ya kocha anayemtaka," mwenyekiti wa timu ya chuo alisema.

Wasichana wote, isipokuwa kapteni wao Apondi, wakamkimbilia bwana mmoja aliyewahi kushinda makombe mengi. Nyuma ya mama aliyegombea naye nafasi hiyo hapakuwa na mtu.

"Eish, Kapteni, njoo! Tumefungwa mwaka mzima!" mmoja wao akaita.

Apondi hakusogea. Alikuwa akitazama kidole gumba cha yule bwana, kikisugua filimbi taratibu. Enzi za shule, bwana huyo alipokuwa kocha wake, kidole hicho kililibonyeza goti lake lililovunjika mpaka akaona giza. "Hujaumia kitu," alimwambia. "Ingia ucheze."

"Goti limepona, binti?" bwana akauliza, akitabasamu.

Apondi akachechemea mpaka nyuma ya yule mama, peke yake.

Kisha, mgongoni kwake, changarawe ikalia chini ya viatu vya mtu mmoja aliyekuja kujipanga naye. Hakuthubutu kugeuka.