Matambara ya Mti wa Kisimani

Soksi aliyoikata mtini ilimponyoka Fachtna ikamwangukia kiatuni, imelowa mvua na bado inanuka mguu wa mtu asiyemjua. Alitema mate pembeni, akaiokota kwa ncha ya kisu na kuitia kwenye mfuko wa taka.

Kisima kile kitakatifu kiko juu ya jabali, bahari ya Kerry ikinguruma chini, na mti wa miiba umekiinamia. Tangu zamani mgonjwa hufungiwa hapo kipande cha nguo yake. Kitambaa kikioza, ugonjwa nao huisha. Lakini siku hizi watalii wakitoka kwenye mitumbwi ya kayaki na kutazama pomboo hupitia pale na kufunga chochote walicho nacho: sidiria, barakoa, kamba za viatu. Hata nepi, na haikuwa safi! Takataka za plastiki, haziozi hata iweje. Zilikuwa zimeyakaba matawi mpaka upande wa baharini haukutoa ua hata moja mwezi Mei. Fachtna alikuwa ameapa kwamba mti ambao mama yake alikuwa akisali chini yake hautakufa kwa uchafu wa wapita njia.

Asubuhi mkewe, Noreen, alijaribu kumzuia.

"Kuna upepo leo. Kaa kwanza ule."

"Mwezi mzima unanilisha siagi na mayai, mwanamke, na suruali bado inaniteremka! Shati langu la bluu liko wapi?"

"Lipi?"

"Lile nililolishonea kifungo cha mkono kwa uzi wa kuvulia samaki, ukanicheka wiki nzima."

"Lilichanika. Nililitupa." Noreen aligeukia sinki, akaanza kusugua sufuria kwa mikono iliyojaa mikwaruzo, ya miiba ya mawaridi, kama alivyosema. "Fachtna, vitambaa vya watu viache."

"Tangu lini? Si wewe uliyekuwa ukimcheka mama kwa mambo hayo?"

Noreen alizidi kusugua sufuria, Fachtna akaondoka.

Alifanya kazi kwa hasira, glavu zikiteleza kwa ute wa nguo zilizovunda. Watu gani hawa, wanaoleta uchafu wao mahali pa kuombea? Kwao wanafanya hivi?

Jirani yake Muiris alipita na mbwa wake, akasimama mbali.

"We Fachtna, huna hata woga? Anayefungua kitambaa anajitwisha ugonjwa wa mwenyewe."

"Basi leo nina bawasiri ya Wajerumani na mafua ya Wamarekani! Njoo unishikie mfuko."

"Thubutu! Siugusi." Muiris alimtazama akishika shina ili avute pumzi. "Lakini mbona unahema hivyo?"

"Kifua tu hiki. Hospitali walishapiga simu, Noreen akaongea nao mwenyewe. Sina kitu."

"Ndivyo alivyokwambia?"

"Sasa aniambie vipi?"

Muiris aliinama kumkuna mbwa masikio, muda mrefu kuliko mbwa alivyotaka. Kisha akasema mvua inakuja, akashika njia.

Kufika mchana mti ulikuwa umebaki mtupu, umesimama kama kondoo aliyetoka kunyolewa. Fachtna aliuzunguka akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ndipo alipoona kitambaa kimoja, ndani kabisa upande wa baharini, kimefungwa pale miiba iliposongamana.

"Mjinga gani tena huyu," alinung'unika, "aliyekubali kuchanika mikono ili afiche uchafu wake?"

Aliingiza mkono bila kutazama, uso ameukunja kwa kinyaa, akalikata fundo kwa pigo moja. Kitambaa kikamnasa kwenye glavu, kimelowa, baridi. Alikivuta nje akitaka kukitupa pamoja na vingine.

Kilikuwa cha bluu, ncha ya mkono wa shati, na kifungo chake kilikuwa bado kinaning'inia kwenye uzi wa kuvulia.